UZI: Paul Rabil, staa wa lakrosi aliyeanza na dola 6,000 kwa msimu mzima, akaishia kuanzisha ligi yake

Fundi Kombo (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye uzi wa mishahara ya NBA kuna mdau kaandika kwamba ukishakuwa mchezaji wa kulipwa Marekani basi umetoboa, kazi iliyobaki ni kuchagua rangi ya gari. Sikutaka kuharibu uzi wa watu, nimefungua huu. Kuna mchezo huku ambao mtu anafunga mabao matatu Jumamosi usiku, Jumapili anapanda ndege kurudi kwake, Jumatatu asubuhi yuko ofisini anauza bima.

Mchezo ni lakrosi. Naishi Maryland, na huku ukipita mitaa ya wenye nazo saa kumi jioni utasikia ta, ta, ta, mpira wa raba unagonga ukuta. Mtoto mmoja, fimbo moja, ukuta mmoja. Anapiga kwa mkono wa kulia mpaka unachoka, anahamia wa kushoto.

Kwa wasioujua: timu moja ina watu 10 uwanjani, yaani kipa, mabeki 3, viungo 3 na washambuliaji 3. Kila mmoja ana fimbo yenye kichwa kilichofumwa wavu, humo ndimo mpira unakaa. Mpira una ukubwa wa karibu mpira wa tenisi ila uzito ni zaidi ya mara mbili, raba tupu, haina hewa ndani. Ukikupata ubavuni unalala nao wiki. Goli ni mraba wa mita 1.83 kila upande. Beki anaruhusiwa fimbo ndefu ya hadi mita 1.8 na anaruhusiwa kukuchapa nayo kwenye fimbo yako na kwenye glovu. Ndiyo, umesoma vizuri, kuchapwa ni sehemu ya kanuni.

Sasa huyu Paul Rabil. Kazaliwa Desemba 1985, kakulia Gaithersburg hapa hapa Maryland, sekondari kasoma DeMatha, chuo kaenda Johns Hopkins pale Baltimore. Wengi mnakijua kile chuo kwa udaktari. Kwenye lakrosi ni kama Simba na Yanga kwa pamoja. Mwaka 2005, Rabil akiwa mwaka wa kwanza, Hopkins walimaliza msimu bila kufungwa, mechi 16, wakabeba ubingwa wa vyuo. Wakabeba tena 2007.

2008 wakafika fainali tena, wakafungwa na Syracuse 13 kwa 10. Kati ya hayo 10, Rabil peke yake alifunga 6. Uwanja ni Gillette, karibu na Boston, watazamaji karibu 49,000. Kumbukeni hii namba.

Mwaka huo huo ligi ya kulipwa ya wakati ule, MLL, ikachagua wachezaji kutoka vyuoni. Aliyechaguliwa wa kwanza kabisa nchi nzima ni yeye, akaenda Boston Cannons. Na mshahara wa msimu mzima, yeye mwenyewe amelisema hili mara nyingi kwenye mahojiano, ulikuwa kama dola 6,000.

Sio kwa mwezi. Kwa msimu.

Yaani alipokuwa mwanafunzi halipwi hata senti alicheza mbele ya watu karibu 49,000. Alipoanza kulipwa, anacheza mbele ya watu elfu chache, na hiyo hela kwa miji ya pwani ya mashariki ya Marekani haitoshi kodi ya nyumba ya miezi michache.

Naingia zamu, nikitoka naendelea.

---

Nyundo ya Tabora

Nipo siti ya mbele, karanga mkononi.

---

Binti Mikindani

Dola 6,000 kwa msimu? Si bora abaki mtaani aendeshe bodaboda jamani. Weka mambo, Fundi.

---

Mzee Mashaka

Mimi siamini. Mtu namba moja nchi nzima alipwe hivyo? Au ulikuwa ni mshahara wa kuanzia tu, marupurupu yapo pembeni?

---

Fundi Kombo

Mzee wangu Mashaka, marupurupu yalikuwa nauli na hoteli, basi.

Ligi ile ilianza kucheza 2001 na ilikuwa ya wikiendi. Mchezaji hakai kwenye mji wa timu yake. Anaishi kwenye kazi yake, labda New York, labda Baltimore. Ijumaa anaruka kwenda mji wa mechi, usiku mnafanya mazoezi kidogo, Jumamosi mechi, Jumapili nyumbani. Kocha anakuona siku mbili kwa wiki. Mazoezi mengine unajifanyia mwenyewe, ukuta na fimbo yako, kama wale watoto niliosema. Walimu walikuwepo, watu wa benki, mawakala wa bima, makocha wa shule.

Kuna na ligi ya ndani, NLL, inayochezwa msimu wa baridi kwenye viwanja vya magongo ya barafu vilivyotandikwa zulia la nyasi bandia. Watu 5 na kipa. Huko ni ngumi na viwiko, Wakanada ndio wenyewe. Mchezaji anayetaka hela kidogo iongezeke anacheza zote mbili, kiangazi uwanja wa wazi, baridi ndani. Rabil alifanya hivyo. 2010 akachukua ubingwa wa NLL akiwa na Washington Stealth, na mwaka huo huo akaenda Manchester na timu ya taifa ya Marekani, wakachukua dhahabu, yeye akawa mchezaji bora wa mashindano. 2009 na 2011 alikuwa mchezaji bora wa MLL. 2011 Boston wakawa mabingwa. Shuti lake lilipimwa maili 111 kwa saa, yaani kama kilomita 178. Kipa hapo hadaki, anajiweka tu njiani aombe Mungu.

Kwa ubora huo, ingekuwa soka, leo angekuwa na kisiwa.

Yeye alianza na kazi ya ofisini, mambo ya majengo ya biashara. Baadaye akaacha. Na hapa ndipo ninapomheshimu. Hakuacha kazi ili alipwe na timu, kwa sababu timu haikuwa na cha kumlipa. Aliona kwamba wenye hela kwenye lakrosi hawakai jukwaani Jumamosi. Ni wazazi. Mzazi wa Maryland analipa kambi ya kiangazi ya mtoto bila kupepesa macho, ananunua kofia ngumu, glovu, kinga za mabega, fimbo mbili. Fimbo nzuri tu na kichwa chake ni mamia ya dola. Basi Rabil akaenda kwa hao: kambi za mafunzo, video za YouTube akionyesha anavyopiga shuti hatua kwa hatua, anavyofunga wavu wa fimbo yake. Warrior wakamtengenezea vifaa, New Balance wakaja, Red Bull wakaja. Magazeti ya biashara yakaanza kumwita mwanalakrosi wa kwanza wa dola milioni. Mshahara wa klabu ndani ya hiyo milioni ni vumbi.

---

Mkata Kona

Hapo Fundi nakupinga kidogo. Huyo sio mfano wa mchezaji, ni mfano wa mfanyabiashara. Wangapi walikuwa wazuri kama yeye na hawana sura ya tangazo wala mdomo wa YouTube? Hao wanaishia kuuza bima mpaka magoti yanaisha. Unatuletea aliyeokota embe chini ya mnazi.

---

Fundi Kombo

Mkata Kona, umenena. Ndiyo maana sehemu ya pili ya stori yake ni muhimu kuliko ya kwanza.

Baada ya miaka kama kumi akaona hata yeye kafika ukutani. Akatafuta wawekezaji, akaenda kutaka kuinunua MLL. Wakamkatalia. Oktoba 2018 yeye na kaka yake Mike wakatangaza ligi mpya, PLL, na wakaondoka na wachezaji zaidi ya 140, yaani cream yote. Mmoja wa walioweka hela ni Joe Tsai wa Alibaba, ambaye mwenyewe alicheza lakrosi akiwa Yale.

Walichobadilisha:

Mshahara ulipanda, iliripotiwa wastani ni kama dola 35,000. Sio utajiri, lakini ni mara kadhaa ya kule walikotoka. Wakapewa bima ya afya. Kwa mtu unayechapwa fimbo kila wikiendi, na nchi hii ambayo kuvunjika kidole ni bili ya kukufilisi, bima ni kubwa kuliko mshahara. Na wakapewa hisa, mchezaji anamiliki kipande cha ligi.

Na timu hazikuwa na miji. Timu 6, Archers, Atlas, Chaos, Chrome, Redwoods, Whipsnakes, zote zinasafiri pamoja, wikiendi hii mji huu, wikiendi ijayo mji mwingine, kama sarakasi. Hakuna kodi ya uwanja mwaka mzima, hakuna ofisi sita za klabu, runinga inapiga mechi zote sehemu moja. Mechi ya kwanza 1 Juni 2019, uwanja gani? Gillette. Ule ule alikofungwa akiwa mwanafunzi.

2020 korona ilipofunga kila kitu, PLL wakajifungia Utah bila watazamaji wakamaliza mashindano. MLL nao wakajaribu Annapolis kwa wiki moja, maambukizi yakaingia, wakakatisha na kukimbilia fainali. Desemba mwaka huo MLL ikakubali kumezwa. Walioambiwa hawauziwi ligi ndio wakawa wameichukua.

Rabil alicheza msimu wa mwisho 2021, kwa Cannons, jina lile lile la timu aliyoanza nayo, akatundika fimbo Septemba. Jezi 99.

---

Nyundo ya Tabora

Kwa hiyo jamaa alikuwa mchezaji na rais wa ligi kwa wakati mmoja? Refa anampigiaje huyo filimbi?

---

Fundi Kombo

Nyundo, hilo swali waliliuliza wengi. Kiuchezaji misimu ya PLL haikuwa yake. Umri, na kichwa kilikuwa kwenye mikataba ya runinga. Timu aliyoanzia ligi hiyo, Atlas, hawakubeba kombe yeye akiwepo. Mabingwa wa kwanza na wa pili walikuwa Whipsnakes. Kama alibebwa basi alibebwa vibaya.

---

Mjukuu wa Bi Mtumwa

Samahanini wakubwa, naona tunaongelea biashara kana kwamba huu mchezo umezaliwa Maryland. Wenye lakrosi ni wenyeji asilia wa huko, Wahaudenosaunee, wale ambao wakoloni waliwaita Iroquois. Walikuwa wanacheza kabla Mzungu hajatia mguu. Kwao mtoto wa kiume anawekewa kijifimbo cha mti tangu kitandani, na mzee akifa anazikwa na fimbo yake. Fundi, ongelea Lyle Thompson tafadhali.

---

Fundi Kombo

Dada asante, nilikuwa namuweka akiba.

Lyle Thompson ni Monondaga, kutoka jamii ya Onondaga karibu na Syracuse, New York. Wapo ndugu wanne wote wacheza lakrosi: Jerome, Jeremy, Miles na Lyle. Lyle na Miles walicheza pamoja chuo cha Albany, na 2014 wakagawana tuzo ya Tewaaraton, tuzo kubwa kuliko zote za lakrosi ya vyuo. Wenyeji wa kwanza kuipata, tena kwenye mchezo wao wenyewe, fikiria. 2015 Lyle akaichukua tena peke yake, akamaliza chuo na pointi 400, rekodi ya wakati huo.

Yeye ana msuko mrefu wa nywele mgongoni. Mkimwona anacheza hamtamchanganya na mtu. Anapitisha fimbo nyuma ya mgongo, nyuma ya kichwa, anafunga bila kutazama goli. Beki anajua anachokuja kufanya na bado anaachwa. 2015 alichaguliwa wa kwanza kwenye ligi zote mbili, ya wazi na ya ndani. Kwa Georgia Swarm akachukua ubingwa wa NLL 2017 na akawa mchezaji bora wa ligi.

Tofauti yake na Rabil naiona hivi. Rabil mchezo kwake ilikuwa kazi aliyoitafutia soko. Lyle anasema wazi kwamba kwao mchezo ni dawa, unachezwa ili mgonjwa apone, na mshahara ni jambo la pembeni. Na bado bili ni bili, naye anafanya kambi na mafunzo kama wengine.

Na wao wana timu yao ya taifa. Sio Marekani, sio Kanada. 2010 walikuwa waende Manchester kwenye yale mashindano Rabil aliyong'ara, Uingereza ikakataa pasi zao za Kihaudenosaunee, wakabaki New York wanasubiri mpaka mechi zikawapita. Wakarudi 2014 wakachukua shaba, 2018 shaba, 2023 shaba.

---

Mzee Mashaka

Mwenye ngoma anazuiwa mlangoni wakati wageni wanacheza ndani. Haya.

---

Kaka wa Ntinda

Hapa Kampala nawasalimu. Hamjui kama Uganda ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kwenye kombe la dunia la lakrosi? Denver, 2014. Vijana wa hapa hapa. Mashindano hayo hayo ambayo Rabil na Marekani yake walifungwa fainali na Kanada 8 kwa 5. Sisi tulikuwa tunahangaika na viza na fimbo za kupewa, lakini tulicheza.

---

Mtoto wa Kaloleni

Na Kenya pia, ndugu yangu. 2019 wasichana wetu chini ya miaka 19 walienda Peterborough, Kanada. Walikuwa wanateleza kwa uwanja juu hawakuwa na viatu vya meno. Wasichana wa timu ya Israeli wakaona, wakachanga na familia zao wakawanunulia viatu timu nzima. Hiyo story ilizunguka sana wakati huo.

---

Binti Mikindani

Hiyo ya viatu imenigusa. Sasa nauliza swali la mama mwenye mtoto: nina kijana hapa Dar, mrefu, mbio anazo, shuleni kwao kuna Mmarekani anawafundisha huo mchezo Ijumaa. Anaweza kupata udhamini wa chuo Marekani kwa lakrosi? Na akifika huko atakula?

---

Fundi Kombo

Dada, nisikudanganye.

Udhamini upo ila ni mwembamba. Kwa miaka mingi chuo cha daraja la kwanza kiliruhusiwa nafasi 12.6 za udhamini kwa timu nzima ya wanaume, na timu ina vijana zaidi ya 40. Kwa hiyo walikuwa wanakata vipande: huyu robo, huyu nusu ya ada, huyu vitabu tu. Kuanzia msimu wa 2025 kanuni zimebadilika, vyuo vilivyojiunga na mfumo mpya vinabanwa kwa idadi ya wachezaji, 48, sio idadi ya udhamini. Kwenye karatasi ni nafuu. Ila chuo hakijawa na hela mpya kwa sababu kanuni imebadilika.

Makocha wanawatazama watoto kwenye mashindano ya kiangazi huku Maryland, New York, Colorado. Mtoto aliye Dar hawamuoni. Njia inayofanya kazi ni kupata kwanza shule ya sekondari ya bweni ya huku kwa alama za darasani, fimbo inafuata. Alama ndizo zinafungua mlango, hata Hopkins hawakuchukui kwa mbio.

Akimaliza chuo, kazi ya kulipwa: PLL sasa ina timu 8, ambazo tangu 2024 zimepewa miji ya nyumbani. Hesabu wachezaji wote wa ligi, hawafiki 250. Kuna kijana wa hapa hapa Maryland, Pat Spencer wa chuo cha Loyola, alishinda Tewaaraton 2019, akachaguliwa wa kwanza kabisa na PLL. Hakwenda. Alihamia mpira wa kikapu, akapita Ujerumani, akapita ligi ndogo, mpaka akafika Golden State Warriors ya NBA. Namba moja wa lakrosi alipiga hesabu akaona bora akaanze chini kwenye kikapu.

Kama una binti, mwambie naye ashike fimbo. Februari 2025 PLL wameanzisha ligi ya wanawake, timu 4. Tafuta video za Charlotte North, halafu urudi hapa uniambie.

---

Mkata Kona

Sasa hapo umeongea kama mtu mzima. Na Olimpiki? Nimesikia inaingia Los Angeles 2028.

---

Fundi Kombo

Inarudi, mkuu. Ilikuwa na medali 1904 St. Louis na 1908 London, baada ya hapo maonyesho tu. Oktoba 2023 kule Mumbai Kamati ya Olimpiki ikapitisha irudi 2028, wanaume na wanawake.

Ila sio ile ya watu 10. Ni ya watu 6 na kipa akiwemo. Uwanja mita 70 kwa 36, robo 4 za dakika 8, sekunde 30 lazima upige goli, fimbo ndefu za mabeki hakuna. Mbio mwanzo mwisho. Mtu mzito wa shuti kali kama Rabil angepata tabu, Lyle angekula nyama.

Shida ni kwamba Lyle mwenyewe hajui kama atakuwepo. Kamati ya Olimpiki inasema bila kamati ya taifa ya Olimpiki hamuingii, na Wahaudenosaunee hawana. Biden alisimama Desemba 2023 akasema waruhusiwe kwa bendera yao. Kamati ikajibu kwamba waombe kuchezea Marekani au Kanada.

---

Kaka wa Ntinda

Timu ngapi?

---

Fundi Kombo

Sita kwa wanaume, sita kwa wanawake.

---

Kaka wa Ntinda

Dunia nzima timu sita, halafu wenye mchezo wawe nje! Lakini hiyo ya watu 6 sisi inatufaa, fimbo kumi na mbili tunazo. Niko na vijana Jumamosi, mwenye video ya mechi za namna hiyo aiweke hapa.